Baba wa Kuazima

Chumba cha ushauri kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya vitabu na choo cha walimu, na ndicho chumba pekee cha shule ambacho kiyoyozi chake hakikuwahi kuharibika. Ndani mlikuwa na kochi la ngozi bandia, meza yenye kompyuta mbili, na ramani ya dunia iliyotobolewatobolewa na pini za rangi, kila pini mtoto mmoja aliyepelekwa. Mlikuwa pia na boksi la tishu, kwa sababu wazazi hulia. Mwalimu mshauri, ambaye wanafunzi, wazazi na hata mwenye shule walimwita Madam tu, aliingia asubuhi, akavua viatu vya barabarani, akavaa ndala, akalimwagilia ua lake la plastiki, ambalo lilikuwa limeanza kuchanua mwaka wa juzi, kisha akafungua mlango.

"Haya, wa kwanza."

Waliokuwa kwenye benchi la nje wote walikuwa wahitimu. Mtihani walishamaliza, mashati ya sare walishayajaza saini za marafiki, na sasa walirudi shuleni na nguo za nyumbani ili watafutiwe vyuo. Kazi hiyo ndiyo iliyowafanya wazazi wachague shule hii na si ile ya ng'ambo ya barabara. Kufundisha, hata ile ya ng'ambo ya barabara ilifundisha. Hii ilikuwa inapeleka.

Na Madam alikuwa hodari wa kupeleka, asikudanganye mtu. Alijua chuo kipi kinapenda watoto wapole na kipi kinapenda wabishi, kipi kinasoma insha ya maombi mpaka mwisho na kipi kinaishia aya ya kwanza. Aliwapenda wale watoto kwa dhati, akikosa mmoja nafasi anakosa na yeye usingizi. "Mimi natafuta vyuo," alikuwa akiwaambia wazazi waliotaka zaidi. "Pepo mtajitafutia wenyewe."

Njia yake ilikuwa moja. Insha kwake haikuwa kitu cha kuandika ukaondoka, ilikuwa kitu cha kumeza. Mhitimu aliketi kwenye kochi akaisema kwa sauti, akaisema tena, mpaka karatasi ikawekwa kando, mpaka sauti ya kusoma ikamtoka na kubaki sauti ya kukumbuka. Bila hivyo, Madam alisema, siku ya usaili utaumbuka. Ikishamezwa sawasawa, insha ilikuwa inashika, yaani inakuwa kweli, na hilo lilijulikana shule nzima. Mvulana mmoja aliyeandika kwamba alizaliwa na kigugumizi akakishinda, alitoka kwenye kochi na kigugumizi, na sehemu ya kukishinda bado anaisubiri. Binti wa daktari wa meno aliandika kwamba amekua akichota maji mbali na nyumbani. Bomba la kwao lilikauka wiki ileile, na mpaka leo ukilifungua linatoa hewa. Wazazi walilichukulia jambo hilo kama chanjo. Mtoto atapata homa kidogo, lakini atavuka.

Mwaka huo aliyemsumbua Madam alikuwa Simenti. Jina alipewa na wenzake tangu darasa la kwanza, kwa kuwa baba yake ndiye mwenye kiwanda cha saruji, na hata walimu walishasahau kwamba ana jingine. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye alama za katikati, asiye na baya wala jema la kusimulia. Babu zake na bibi zake wote walikuwa hai na wazima kabisa, tena walikuwa wanacheza tenisi.

"Umewahi kupoteza kitu?" Madam alimuuliza.

"Simu, madam."

"Ukajisikiaje?"

"Nikanunuliwa nyingine."

"Umewahi kulala njaa?"

Simenti akafikiri kwa bidii, maana alikuwa mtoto mwenye kupenda kusaidia. "Nikiwa na mafua," akasema.

Baba yake alitaka chuo kimoja tu, kile cha ng'ambo chenye majengo ya mawe. Chuo hicho kilichukua mhitimu mmoja kutoka kila shule, kikamsomesha bure mpaka mwisho, na kuliko alama kilipenda mtoto aliyepitia jambo. Baba yake huyohuyo ndiye aliyejenga bwalo jipya la chakula. Hakuna mtu aliyemwambia Madam lolote kuhusu bwalo. Alikula humo kila mchana, basi.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na insha nyingine, ya kwenda chuo hichohicho, ambayo Madam hakuwa ameigusa hata nukta. Ilikuwa ya binti wa fundi. Baba yake alikuwa fundi wa mafriji, ndiye aliyeyatunza majokofu ya jiko la shule, na mwenye shule alikubali binti asome kwa kazi ya mikono ya baba. Baba alipofariki ahadi haikuvunjwa, na kila mkutano wa wazazi mwenye shule aliwakumbusha wote kwamba haikuvunjwa. Binti ndiye aliyekuwa akiongoza kwa alama. Alitaka kusomea uhandisi wa mitambo ya baridi, na nchini hapakuwa na chuo cha kumpeleka huko bila ada. Kwa ufupi, ni chuo cha mawe au basi.

Insha yake ilisimulia kwamba baba alipigwa na umeme ndani ya chumba cha baridi cha bucha, akafa palepale. Jioni ile alirudi nyumbani kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye vingine, akaweka mfuko wa vifaa chini, akapiga magoti nyuma ya friji na kusema, "Mwanangu, shika tochi." Toka hapo alikuwa anakuja kila jioni.

Kisa hicho hakikutiwa chumvi. Mzee alikuwa anakuja kweli, jua likishuka, kabla taa za barabarani hazijawaka. Majirani walimsalimia, akaitika. Alivua viatu mlangoni, akaketi karibu na friji aliyoiunda mwenyewe kutokana na mabaki ya mafriji ya watu, akaisikiliza inavyokoroma, akaishikashika. Kisha akamuuliza binti yake, "Umekula nini leo?" na akasubiri jibu. Akishajibiwa waliendelea na kazi, yeye na bisibisi, binti na tochi. Mama, ambaye alikuwa dobi wa hospitali na alirudi na nguo nyingine za kupiga pasi nyumbani, alilalamika kutoka kwenye meza yake.

"Huyu mtu hata kufa hakujamfundisha kufunga mlango. Mbu wote wa mtaa wanaingia na yeye."

"Nitafunga, mama watoto," mzee alisema, na hakufunga. Waliishi vizuri tu.

Siku moja Madam alimkuta binti koridoni, yeye mwenyewe ameshika kikombe cha chai na ana haraka.

"Mwanangu, kile kisa cha baba, nikikiazima utajali?"

"Kukiazima vipi, madam?"

"Kuna mwenzako amekwama. Wewe una alama zako, hata ukiandika kuhusu mwiko watakuchukua. Yeye hana kitu, masikini."

Mtoto ambaye ada yake inatajwa kila mkutano wa wazazi hana majibu mengi ya kuchagua kwa swali kama hilo. Halafu, maneno ni maneno, binti aliwaza. Baba jioni atakuwa nyumbani, asimuliwe asisimuliwe. "Sawa, madam," akasema. Madam akambana shavu kwa mapenzi, akaenda zake.

Simenti alikimeza kisa kile kwa muda mfupi kuliko alivyotarajiwa. Madam alisema hajawahi kuona mtoto anayejua kumeza hivi. Alipofika mahali pa tochi sauti ilimkatika yenyewe, na Madam, aliyekisoma kisa hicho mara nyingi, alijikuta amevuta tishu. Wakabonyeza, maombi yakaenda.

Jioni ile mzee hakutokea. Taa za barabarani ziliwaka, mlango ukabaki wazi, mbu wakaingia peke yao. Mama alipiga pasi shati moja hilohilo mpaka likaanza kunukia kuungua.

"Labda amepata kazi mahali," alisema.

Simu ya binti ikalia. Alikuwa Simenti.

"Samahani kukusumbua. Kuna mzee huku kwetu ametoa friji ukutani, anasema nishike tochi. Ni wako?"

Binti alienda kesho yake jua liliposhuka. Nyumba ya akina Simenti ilikuwa na jiko kubwa kuliko chumba cha kulala na sebule vya akina binti vikiwekwa pamoja, na friji za milango miwili zilizokuwa zimesimama kama kabati, hazikoromi, hazina shida yoyote. Mzee alikuwa amezifungua zote. Vipuri vilipangwa sakafuni juu ya gazeti, kwa mpangilio ule anaoujua binti, skrubu ndogo kushoto. Simenti amepiga magoti pembeni na tochi. Mama wa Simenti alipita na simu sikioni, akaziba maikrofoni kwa kidole, akasema, "Karibu, mwanangu. Mimi sina shida na fundi, mradi asiingie na viatu," akaendelea na maongezi yake.

"Baba," binti alisema. "Twende nyumbani."

Mzee akainua uso. Alimtambua, hilo halina ubishi, na aibu ikamwingia. "Mwanangu, nina kazi huku," akasema. "Unaona mwenyewe. Siwezi kuziacha wazi."

"Mama anakusubiri."

"Mwambie nakuja." Halafu akamgeukia Simenti. "Inua kidogo. Hapo. Umekula nini leo?"

Simu ya Simenti iliyokuwa juu ya meza ikalia, ni baba yake, kutoka mji ambao hata yeye mwenyewe alilazimika kuangalia nje dirishani ndipo aukumbuke. Simenti akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Huyo ninayemsikia anakohoa ni nani?"

"Ni baba."

"Baba gani?"

"Yule wa insha."

"Aa. Basi sawa. Msikilize anachokwambia," akasema, akakata.

Simenti alimsindikiza binti mpaka getini. Alikuwa anaona haya kwa kweli. Alisema hakujua kwamba kisa chenye mtu ndani kitakuja na mtu, alidhani kitakuja kilio tu, au ndoto mbaya. Binti akamwomba aache kukikariri. Simenti akasema usaili ni baada ya siku chache, akikisahau sasa Madam atamla nyama, lakini usaili ukipita tu atakitoa kichwani. "Haki ya Mungu," akasema, na alimaanisha.

Asubuhi mama na binti wakakaa kwenye kochi la chumba cha ushauri. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Madam, tumekuja kumchukua baba yetu."

Madam alivua miwani. Aliumia, na hakuficha. "Mama, ningekuwa na uwezo ningekukabidhi sasa hivi. Lakini maombi ya yule kijana yameshakwenda. Yakishakwenda hata nukta hairudi. Angalia mwenyewe." Akaigeuza kompyuta wamwone Simenti na alama ya kijani mbele ya jina lake. Mama aliiangalia alama ile muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyumba yake ikipakwa rangi na mtu mwingine.

"Yeye anaye baba," mama akasema hatimaye. "Yuko hai. Tena ana kiwanda."

"Ndiyo maana hakufaa," Madam alisema kwa upole.

Kisha Madam akasema kwamba binti naye hawezi kubaki mikono mitupu. Maombi yake bado hayajatumwa, na kutuma kisa kilekile mara mbili kutoka shule moja ni kujitafutia balaa. Akafungua droo. "Nina mafuriko hapa ya mwaka juzi, mwenyewe alipata chuo kingine hakuyatumia. Mazuri sana. Yana bibi amekwama juu ya paa."

"Bibi yetu?" mama akauliza.

"Bibi yeyote."

Binti aliyachukua, maana chuo bado alikitaka. Jioni akaketi mezani akaanza kuyasema kwa sauti. Aya ya kwanza ilikuwa ya mawingu, haikuwa na neno. Aya ya pili maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Kwa jirani palikuwa vumbi tupu, lakini kwao yalipanda mpaka kwenye vifundo, kisha magotini, na juu ya bati ikasikika sauti ya kikongwe akiomba blanketi. Mama akaruka kitandani na nguo za watu.

"Wewe! Acha kusoma! Mashuka ya hospitali haya!"

Binti akanyamaza, maji yakapungua kidogokidogo mpaka yakatoka kwa mlango yalioingilia. Kikongwe akateremka kwa ngazi ya jirani, akanywa chai, akashukuru, akauliza njia ya kwenda barabara kuu. Lakini friji ilikuwa imeingia maji na haikukoroma tena. Binti akaifungua mwenyewe. Aliibana tochi kwa meno, kwa sababu mama alikuwa anakamua mashuka, na akaifanyia kazi mpaka mate yakamchuruzika kidevuni, mpaka mota ikakauka na ikakubali. Alipomaliza akalia. Alimlilia baba, na alilia kwa hasira, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyesema sawa, madam.

Insha aliyoipeleka mwisho ilihusu namna ya kuokoa mota iliyoingia maji. Madam aliisoma mpaka chini.

"Nzuri," akasema. "Safi kabisa. Ila hamna aliyekufa." Akaituma hivyohivyo.

Usaili wa Simenti ulifanyika kwa kompyuta, mlango umefungwa, wahitimu wengine wametega masikio koridoni. Ulipangwa jioni kwa sababu ya saa za kule, kwa hiyo mzee naye alikuja. Aliketi kwenye benchi na wazazi wengine, mfuko wa vifaa mapajani, akisugua magoti kwa wasiwasi. Binti alikuwa mwisho wa benchi hilohilo akisubiri zamu yake.

"Unafikiri ataweza?" mzee alimuuliza.

"Ataweza, baba."

"Mwanangu ni mwoga kidogo," mzee akasema, akiuangalia mlango. "Lakini mikono yake haitetemeki."

Mle ndani Simenti alilia. Maprofesa wakalia, mmoja akaomba waendelee baada ya dakika kidogo. Zamu ya binti ilipofika walikuwa bado wanapangusa macho, wakamuuliza maswali mawili ya mota, wakamshukuru kwa muda wake.

Alipotoka alimkuta Simenti getini. "Umeshamaliza," akamwambia. "Sasa sahau."

Simenti alikuwa amevimba macho. "Nimejaribu kuanzia mlangoni mpaka hapa. Haitoki." Akaangalia viatu vyake. "Na sitaki kukudanganya. Siku nyingine hata sijaribu. Baba yangu mimi, toka mwaka uanze namwona kwenye simu. Huyu ananiuliza nimekula nini, na akiuliza anasubiri nimjibu."

"Najua," binti akasema. "Ndiyo maana namtaka."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na jua lilikuwa limeshashuka, na mzee alikuwa anamwita Simenti kutoka kwenye gari.

Matokeo yakatoka. Binti aliongoza shule, na jina lake likachapwa kwenye bango kubwa la getini lenye picha ya bwalo. Chuo cha mawe kikamchukua Simenti. Binti aliandikiwa kwamba alama zake zimewafurahisha wote, na kwamba wamemkosa katika insha yake yeye mwenyewe, yaani nani huyu, ametoka wapi, ameumia wapi. Madam hakumwacha. Alipiga simu kutwa, akambembeleza mtu aliyesoma naye, akampatia nafasi chuo cha mjini hapohapo, kozi ya mapokezi ya wageni, kwa sababu ya uhandisi ilishajaa. Akachoma pini kwenye ramani. Ilibidi ailazimishe, kwa kuwa mahali pale ndipo shule yenyewe ilipokuwa na palikuwa na pini nyingine.

Wiki moja kabla ya safari Madam alimpigia mama simu. Mzee anaondoka na mtoto, alisema, na uwanja wa ndege wanataka kitambulisho. Pasi hana. Wamekubali cheti cha kifo, mradi kiwe halisi, si nakala.

Mama aliketi kitandani na simu imekatika mkononi. Kisha akavuta sanduku kutoka uvunguni. "Asije akazuiliwa huko kama mhalifu," akasema. Akakipiga pasi cheti kile kwa moto mdogo, kimenyooka.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Familia ya Simenti ilikuja na magari mawili, bila baba yake, ambaye alikuwa angani upande mwingine. Mzee alikuwa amevaa koti jipya alilonunuliwa. Askari wa ukaguzi alimweleza kwamba bisibisi na koleo haziruhusiwi mkononi, akazitia kwenye sanduku la Simenti. Kile cheti akakipigia muhuri nyuma. Mama alimsogelea mzee, akamgeuza kola iliyokuwa imekunjika, akaipapasa mpaka ikalala.

"Asante sana, mama," mzee akasema kwa heshima, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoka nje, akasimama akiangalia magari yanavyoegeshwa.

Binti akabaki. Aliona hana la kufanya zaidi ya kusalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Umekuja kumuaga ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Wewe ni binti wa nani?"

Simenti, aliyekuwa nyuma ya mzee, akainamisha uso.

"Wa fundi wa mafriji," binti akasema.

"Ala! Mwenzangu huyo." Mzee alifurahi kweli. "Fundi mzuri?"

"Mzuri sana."

"Basi msalimie. Mwambie ana mtoto mwenye adabu."

"Nitamwambia."

Kipaza sauti kikaita abiria. Mzee akamshika Simenti bega, wakaingia kwenye foleni. Kabla ya kona binti alimsikia akiuliza kama kwenye ndege watapewa chakula, na chakula gani, na Simenti akamjibu. Halafu kona ikawaficha.

Madam alikuwa amesimama hatua chache nyuma na kamera ya kupigia picha za kubandika ukutani shuleni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimfuta binti machozi kwa tishu aliyoitoa kwenye mkoba, akamshika mkono. Alikuwa na huruma ya kweli, na mikono yake ilikuwa ya moto.

"Haya uliyoyapata leo, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "hapa, na koti, na ile salamu. Ni mazito. Mwakani nina mtoto mmoja hana kitu kabisa. Ungeniazima?"

Binti aliutoa mkono wake taratibu. "Hapana, madam," akasema. "Hiki nakaa nacho. Sina kingine cha baba."

"Sawa, mwanangu. Naelewa," Madam akasema, na alielewa. Akavaa miwani, akageuka kuutazama ukumbi, ambamo watu walikuwa wamekumbatiana kila upande wakilia, akaanza na yule aliyekuwa karibu.